Samaki moja ya amande: yale tulijifunza kwa muto Kenai

Maneno ya familia tatu zenye zilirudi kutoka Alaska, yaliyosemwa mbele ya mukutano mukubwa wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu vile yalisemwa.

 

Komite ilituomba tuseme kidogo juu ya maisha ya kule. Tulikaa usiku moja tukajiuliza: tuseme nini? Baridi mulikwisha kuisikia. Theluji mulikwisha kuiona kwa simu. Tukapatana tuseme juu ya samaki. Hapa Baraka kila mutu anajua samaki, kwa hiyo hakuna mwenye atalala. Tena kuna sababu ingine. Likelemba yetu ya Anchorage, ile yenye pesa yake ya mwisho iliingia mu sanduku la shirika hili, kazi yake ya kwanza ilikuwa kulipa amande ya samaki moja. Ile habari tutawapa yote. Zamani tulikuwa tunaona haya kuisema, sasa haya ilikwisha.

Muto uko wapi

Munajua njia yetu. Tulikimbia vita, tukavuka ziwa, tukakaa Nyarugusu miaka mingi. Kutoka kule walitupeleka Anchorage, muji mukubwa kuliko yote ya Alaska. Ukitoka Anchorage na gari, unafuata bahari, unapanda milima, na kisha masaa mawili hivi unafika kwa kijiji cha Cooper Landing. Pale njo muto Kenai unatoka mu ziwa lenye jina lile lile. Unateremka, unaingia mu ziwa lingine, Skilak, unatoka tena, unapita muji wa Soldotna, na unamalizia baharini kwa muji wa Kenai. Yote pamoja ni kilometa karibu 132.

Kwa mutu wa Congo huo ni muto mudogo. Lakini maji yake hayafanani na ya kwetu. Rangi yake ni kijani yenye inaingia mu bluu, kwa sababu maji yanatoka kwa barafu ya milimani, na ile barafu inasaga mawe mpaka yanakuwa unga laini sana. Na baridi yake! Hata mwezi wa saba, ukiingiza muguu bila buti ndefu za mupira, unautoa mbio.

Wenyeji wa pale ni Wadena'ina. Wao muto wanauita Kahtnu, na walikuwa wanavua samoni pale tangu zamani sana, mbele wageni hawajafika. Mpaka leo wako pale. Kabila la Kenaitze liko na wavu wake wa kufundishia: watoto wanaona vile wazee wanavua, wanapasua na wanakausha. Tunasema hivi ili musifikiri kwamba mambo ya samaki kule yalianza na watalii.

Kuvua kwa muchezo

Sasa kuna neno moja lenye lilitushinda mwanzoni: kuvua kwa muchezo. Sisi watu wa ziwa tulicheka. Kwetu kuvua ni kazi ya usiku, taa na wavu, na asubuhi unaangalia kama ndagala zinatosha kulipa mafuta ya motere. Kule mutu anaacha ofisi yake, ananunua perimi, anaendesha gari masaa mengi, anasimama mu maji baridi muchana mzima na fimbo moja na ndoano moja, anakamata samaki, na pengine anamurudisha mu maji akiwa muzima. Mama moja wetu aliuliza: "Huyu anatesa samaki, ao samaki anamutesa yeye?"

Polepole tulielewa. Kuvua kwa muchezo maana yake ni kuvua bila kuuza. Samaki wa fimbo hauzwi, hata moja. Unakula, unagawia jirani, unaweka mu frigo, basi. Ukimuuza, umevunja sheria. Kwa siku kuna hesabu: ukifikisha ile hesabu ya siku, unafunga fimbo, hata kama samaki wanaruka mbele yako. Na kupata perimi ya mwenyeji, ile ya bei ya chini, lazima uwe umekaa Alaska miezi 12.

Njo tuliona kwamba ule muchezo uko na sheria nyingi kuliko kazi.

Vidole tano

Samoni wenye wanapanda mito ya Alaska ni aina tano. Wote wanazaliwa mu maji matamu, wanateremka baharini, wanakomaa kule, na wanarudi kutaga mayai kwa muto wenye walizaliwa. Wakisha kutaga, wanakufa. Wote. Hakuna mwenye anarudi baharini mara ya pili. Watu wa kanisa letu la kule, siku ya kutuaga, walisema: "Ninyi ni kama samoni, munarudi kwenu." Tukawajibu: "Hapana, samoni anarudi kufa, sisi tunarudi kulima."

Jirani yetu moja, muzee wa kule, alitufundisha kuhesabu hao samaki kwa vidole. Fungueni mukono, tuhesabu pamoja.

Kidole gumba: chamu. Kwa Kiingereza jina la gumba na jina la chamu zinaimbana, njo maana alianza hapo. Wanamuita pia samaki wa mbwa, kwa sababu watu walikuwa wanamukausha kwa kulisha mbwa wenye kuvuta gari la theluji. Mu Kenai hapatikani sana.

Kidole cha kuonyesha: sokai. Mwisho wa lile jina unasikika kama jicho kwa Kiingereza, kwa hiyo unaweka kidole karibu na jicho lako. Sokai njo samoni mwekundu. Akitoka baharini ni mweupe wa kung'aa na mugongo wa bluu. Akikaribia kutaga, mwili unakuwa mwekundu kama pilipili na kichwa kijani. Watoto wake wanapenda kukomaa mu ziwa, mwaka moja ao miwili, mbele ya kwenda baharini. Kenai iko na maziwa mawili makubwa, njo maana sokai wake ni wengi sana. Wanakuja mara mbili: kundi la kwanza mwezi wa sita, kundi la pili, lile kubwa, mwezi wa saba.

Kidole cha katikati, kirefu kuliko vyote: kingi, maana yake mufalme. Huyu njo mukubwa wao. Tarehe 17 mwezi wa tano, mwaka 1985, mutu wa Soldotna, jina lake Les Anderson, alikamata mu Kenai kingi moja wa kilo 44. Mpaka leo hakuna kingi mwenye alikamatwa kwa fimbo na kuandikwa kuwa mukubwa kuliko ule, mu dunia yote. Tulienda kumuona pale Soldotna, wamemutengeneza na kumutundika. Watoto wetu walisimama karibu naye kwa picha, na samaki alikuwa karibu sawa na mudogo wao.

Kidole cha pete: koho. Pete ya fedha, samoni wa fedha. Anakuja mwezi wa nane, wa tisa, mpaka baridi inaanza. Huyu anaruka, anapigana, fimbo inalia. Wavuvi wa muchezo wanamupenda sana.

Kidole kidogo: pinki. Ni mudogo kuliko wote, kilo moja na nusu ao mbili. Maisha yake yote ni miaka miwili tu. Mu Kenai anakuja kwa wingi miaka yenye inagawanyika kwa mbili: 2018, 2020, 2022. Mwaka wa kati karibu haumuoni. Dume akipanda muto mugongo wake unavimba kama wa ng'ombe.

Muzee alisema: ukisahau majina, angalia mukono wako. Sisi tulijua majina kwa mudomo. Shida ilikuwa kwa macho, vile mutaona.

Vile wanavua

Kwa kawaida tarehe 11 mwezi wa sita wanafungua uvuvi wa sokai kwa Russian River, muto mudogo wenye unaingia mu Kenai karibu na Cooper Landing. Ile siku ni kama soko. Kule mwezi wa sita usiku haukuwi usiku kweli, jua linakaa juu karibu masaa 19. Watu wanafika saa sita ya usiku na wanaona vizuri. Kuna bati moja ya kuvusha watu, haina motere: imefungwa kwa kamba ya chuma, na nguvu ya maji yenyewe inaisukuma mpaka ngambo.

Upande ule watu wanasimama mu maji bega kwa bega. Mutu akipata samaki anapiga kelele, na wote karibu naye wanavuta kamba zao haraka ili zisisokotane. Usipofanya hivyo, utatukanwa na mutu mwenye humujui.

Sokai hapendi kula akiwa mu muto. Baharini alikuwa anakula vidudu vidogo sana, na mu muto hana njaa tena. Kwa hiyo haumudanganyi na chakula. Unatia risasi ndogo kwa kamba, unafunga ndoano moja yenye manyoya, unatupa juu kidogo, unaacha maji yavute kamba karibu na chini. Sokai anapanda akifungua na kufunga mudomo, kamba inapita mu mudomo, ndoano inashika. Ndoano ikishika mudomo, samaki ni wako. Ikishika mugongo, tumbo ao mukia, samaki si wako, unamuachilia pale pale. Hakuna mutu wa kukuangalia kila dakika. Unajua wewe mwenyewe na ndoano yako.

Na dubu wanakuja. Chakula na samaki wako havipaswi kuwa mbali na mukono wako. Mifupa na matumbo unakata vipande vidogo na kutupa mu maji yenye kwenda mbio, ili dubu wasizoee kukaa pale watu wako.

Tuseme ukweli: chakula cha mwaka muzima hatukukipata kwa fimbo. Kuna ruhusa ingine kwa wenyeji wa Alaska peke yao, kwa chakula cha nyumbani. Kutoka tarehe 10 mpaka tarehe 31 ya mwezi wa saba, kwa mudomo wa muto, familia inaweza kutumia wavu wenye duara na muti mrefu. Kichwa cha nyumba samaki 25, na kila mutu mwingine wa nyumba 10. Familia ya watu saba ni samaki 85. Ile samaki pia hauzwi. Unamukata ncha za mukia, ili asiuzwe kwa soko, unaandika hesabu kwa karatasi yako, na ile karatasi lazima uripoti kwa serikali hata kama haukupata kitu. Ba-mama wetu walitia chumvi, walikausha, walijaza frigo. Mwaka ule tulikula samaki mpaka Pasaka.

Samaki ya amande

Sasa tunafika kwa ile habari.

Ilikuwa mwaka wetu wa pili, mwezi wa nane, siku za kwanza. Tulikuwa tunatafuta koho. Musimu wa kingi mu Kenai wakati ule ulikuwa unaisha tarehe 31 ya mwezi wa saba. Hiyo tuliijua, tulikuwa tumeisoma. Papa moja kati yetu, hatumutaji, yuko hapa mu mukutano na anacheka, alivuta samaki mweupe, munene, kilo tatu hivi. Sisi wote tukapiga kelele ya furaha: "Koho! Koho!" Akamupiga kichwa, akamufunga kamba.

Kisha nusu saa askari wa samaki akafika. Aliomba perimi, akatazama samaki. Akafungua mudomo wake, akatuita sisi wote tuangalie. Ufizi, pale meno yanatokea, ulikuwa mweusi. Akafungua mukia: madoadoa yalikuwa juu na chini. Akatuambia polepole: koho ufizi wake ni mweupe, na madoadoa yake yanakaa kwa nusu ya juu ya mukia tu. Huyu ni kingi mudogo. Hakutukana. Aliandika karatasi, akachukua samaki, akaenda.

Amande ilikuwa kubwa kuliko mushahara wa juma moja wa ule papa. Alikuwa anasafisha hoteli usiku. Lakini pesa haikuwa woga wake mukubwa. Woga wake ulikuwa karatasi. Sisi ni watu tuliokaa kambini miaka mingi, tunajua vile jina moja lenye limeandikwa vibaya linaweza kufunga mulango wa familia muzima. Alifikiri: kesi ya samaki itaandikwa pale wanaandika uraia, na watoto watarudishwa. Siku tatu hakulala. Alitaka kuficha ile karatasi, asijibu kitu. Kama angefanya hivyo, kesi ndogo ingekuwa kesi kubwa.

Muke wake akatuita. Tulikaa mu sebule ya nyumba moja, likelemba yote. Wengine walisema: samaki ni wake, amande ni yake. Maneno yalipanda. Hapo mama moja akasimama, akauliza: "Nani alisema koho?" Tukanyamaza. Kwa sababu sisi wote tulisema. Ule papa alikuwa na fimbo, lakini kosa la macho lilikuwa letu wote. Tukalipa pamoja. Kijana moja mwenye alijua Kiingereza vizuri akamusindikiza, wakajibu ile karatasi, kesi ikaisha. Baadaye karatasi zake za uraia zilitoka, sawa na za wengine.

Ile usiku tuliweka sheria mbili. Ya kwanza: likelemba itakuwa na sehemu ya taabu, yenye haichezwi kwa zamu, inangojea shida. Ya pili: familia mupya ikifika kutoka kambini, haitapewa fimbo mpaka ihesabu vidole tano, na mpaka kila mutu wake afungue mudomo wa samaki na kuonyesha ufizi. Tulikuwa tunanunua kichwa cha samaki kwa somo. Amande ya pili haikuja.

Vile muto unahesabiwa

Kuna jambo lingine tulipenda muchukue. Ule muto unahesabiwa. Kilometa karibu 30 kutoka baharini, Idara ya Samaki na Wanyama ya Alaska imeweka mashini mu maji, zinatuma sauti, na sauti ikigonga samaki inarudi. Usiku na muchana wanahesabu sokai wenye wamepita. Hesabu inatangazwa kila siku, mutu yeyote anaisoma kwa simu. Kwa kundi la mwezi wa saba wanahesabu zaidi ya milioni moja.

Hesabu njo inaamua. Kwa kawaida sokai ni tatu kwa siku kwa mutu moja. Wenye wamepita wakiwa wengi, wanatangaza: kuanzia kesho ni sita. Wakiwa kidogo, wanapunguza ao wanafunga. Wanatafuta kwanza samaki wa kutaga watoshe, kisha njo mutu anapata.

Kwa kingi hesabu ilikuwa mbaya. Miaka ilipita, wenye kurudi wakapungua, na wataalamu wengi wanaangalia bahari, kwa sababu kingi anakaa kule miaka mingi. Mwaka 2023 uvuvi wa kingi mu Kenai ulifungwa musimu wote. Mwaka 2024 ukafungwa tena. Ule muto wenye ulitoa samaki mukubwa wa dunia, hakuna mwenye aliruhusiwa kumugusa.

Na haikuumiza watalii peke yao. Kuna watu wenye kuweka nyavu zao kwa pwani karibu na mudomo wa muto. Hiyo kwao ni kazi, ya baba na ya babu. Wanatafuta sokai, lakini wavu wao unakamata na kingi. Mwaka 2023 walifungiwa musimu muzima. Sokai walipita mbele ya nyumba zao kwa mamia ya maelfu, nao wamekaa. Kwa fimbo, watu waliendelea kuvua sokai juu ya muto. Walikasirika sana, na sisi hatuwezi kusema hawakuwa na sababu. Samaki alilindwa, lakini uzito haukugawanywa sawa.

Na sisi hapa

Sasa tunarudi nyumbani.

Ziwa letu Tanganyika nalo linafungwa sasa miezi tatu, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane. Maneno yenye yanasemwa hapa kwa bandari tunayajua: "Wanatufunga, tutakula nini?" Wengine wanasema sisi wa Alaska tutaleta maneno ya Wazungu, tuwaambie mutii tu. Hapana. Mutu wa Soldotna akifungiwa kingi, anaenda kununua kuku. Mutu wa hapa akifungiwa ndagala, anafungiwa chakula, masomo ya watoto na dawa. Kuvua kwa muchezo na kuvua kwa kuishi si kitu kimoja.

Lakini mambo tatu ya ule muto yanaweza kukaa hapa, na tunaomba mukutano uyapigie kura leo.

La kwanza, sanduku la miezi ya kufunga. Kila mwanachama mwenye anavua ao anauza samaki aweke franka 1000 kwa juma, ile miezi tisa ziwa liko wazi. Ni majuma 39, kwa hiyo franka 39 000 kwa mutu. Ile pesa isiguswe kwa kazi ingine. Ziwa likifungwa, tunaikopesha bila faida, tukianza na nyumba zenye hazina shamba: wajane wenye kuanika ndagala, na vijana wenye wanapiga kasia kwa mutumbwi wa mutu mwingine. Wale wa wavu kwa pwani ya Kenai walibeba uzito peke yao. Hapa tubebe pamoja.

La pili, kaye ya hesabu. Hatuna mashini ya sauti. Lakini kila bandari inaweza kuwa na kaye moja: usiku gani, mitumbwi ngapi, mabeseni ngapi ya ndagala, mikeke ngapi. Vijana wetu wenye walimaliza shule wataandika. Kwa miaka miwili tutajua wenyewe kama kufunga kunasaidia ao hapana, na siku serikali inatuita tutakuwa na kitu mukononi, tusiende na kilio peke yake.

La tatu ni kali, na tunalisema tukijua litaumiza. Sanduku lisikopeshe hata franka moja kwa wavu wa chandarua. Ule unakamata watoto wa samaki, na kingi mudogo wa kilo tatu alitufundisha gharama yake. Na mutu mwenye akivua wakati ziwa limefungwa, mwaka ule asipate mukopo. Lakini asifukuzwe. Tumuite kwanza, tukae naye, tuulize vile ule mama aliuliza: nani alisema koho? Pengine alienda kuvua kwa sababu sisi wote tulimuacha na njaa.

Kwa ninyi wafadhili: hamutaona hapa ombi la fimbo ao la mashini. Tunaomba kwamba kwa kila franka mwanachama ataweka mu sanduku la miezi ya kufunga, muone kama munaweza kuongeza kidogo, na kununua zile kaye na kalamu. Tutatoa hesabu kila mwisho wa musimu mu gazeti hili, yenye kuingia na yenye kutoka, hata kama ni aibu.

Ba-mama na ba-papa, muzee jirani yetu wa Anchorage alikufa mbele hatujarudi. Watoto wetu bado wanahesabu vidole vyake: chamu, sokai, kingi, koho, pinki. Sasa tunawafundisha majina ya samaki wa hapa kwa mukono mwingine: ndagala, mukeke, sangala, kuhe. Kidole cha tano bado tunabishana. Mwenye kuwa na jina, atuambie wakati wa chakula.

Kura itapigwa kwanza, chakula kitafuata.